Nyumba Iliyoigwa kwa Mchwa

Mume wangu ni mwalimu wa ufundi ujenzi. Mwaka tulioanza kujenga nyumba yetu hapa Kibingo alikwenda semina Bukoba, na aliporudi hakuitaka tena ramani tuliyokuwa tumekubaliana. Huko alikuwa ameelezwa kwamba mchwa hujenga vichuguu vinavyopitisha hewa, ndani kukawa na ubaridi hata jua likiwaka, na kwamba binadamu anaweza kuiga. Tangu hapo kila jioni alichuchumaa mbele ya kichuguu kilichoko mwisho wa kibanja chetu cha migomba, akipenyeza kijiti kwenye matundu na kuchora. Majirani walimsalimia kwa adabu, wakampita, halafu wakaja kuniuliza mimi kama siku hizi analala vizuri.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, hakuzunguka. Alimwambia mwanawe kwamba hakumsomesha ili amhamishie mamake kwenye shimo la wadudu.

Mume wangu akajenga vilevile. Chini ya sakafu alipitisha mifereji ya matofali iliyoanzia nje, kwenye kivuli cha migomba, ikatokeza kwenye tundu chini ya ukuta wa kila chumba. Hewa ya joto ilipanda na kutokea kwenye mnara mwembamba katikati ya paa. Hata jiko lililoko ubavuni mwa nyumba alilichimbia mfereji uliounganishwa na ule wa sebuleni, akisema hataki nipike huku natoka jasho.

Nyumba ikakubali. Kiangazi kilipofika, wenzetu walikimbia joto la mabati yao wakakaa nje, sisi tukakaa sebuleni tumejifunika khanga. Mama mkwe hakusifu kitu. Alihamisha tu kigoda chake akakiweka jikoni, mbele kabisa ya tundu, na hapo ndipo akawa anashinda.

Kisha wakaja wageni kutoka Igurwa kumposa binti yetu. Sebule ilijaa wazee wenye makoti, wakitafuna buni za kahawa tulizowapokelea. Redio yetu huongea tangu alfajiri, lakini siku hiyo tuliizima kwa heshima yao. Chakula kikaletwa, ndizi kwa maharage na nyama ya mbuzi, na baba wa kijana, mtu mnene mpole, akawa wa kwanza kuongeza. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikiwanawisha waliochelewa, ndipo ukuta ulipoanza kusema.

"Kijana mwenyewe hana neno," ukuta ulisema kwa sauti ya mama mkwe. "Miguu myembamba, lakini itamfikisha. Ninayemwogopa ni babake. Nimemchungulia mlangoni. Anakula kama mtu aliyetoka jela."

Mume wangu aliinamisha macho akaitazama sakafu aliyoijenga. Mama mkwe wala hakuwa amemaliza. Aliendelea kumweleza dada yangu, aliyekuwa akikoroga mchuzi, kwamba mjukuu wake akiolewa kule atapika tangu asubuhi mpaka azeeke.

Baba wa kijana aliweka sahani chini polepole. Niliona posa imekwisha. Akajivuta kwenye kiti, akainama mpaka kichwa kikakaribia tundu, akasema taratibu:

"Shikamoo, mama. Ndizi zenu ni tamu. Kosa si langu peke yangu."

Ukuta ukajibu, kwa sauti ndogo, "Marahaba, baba. Nikuletee nyingine?"

Wazee walicheka mpaka mmoja wao akapaliwa na kahawa. Mama mkwe alikuja mwenyewe na bakuli, uso mkavu kabisa, akampakulia mgeni mbele ya watu wote. Posa ilikubaliwa jioni ileile, na baba wa kijana hakuondoka kabla ya kuzungushwa nje aone mahali hewa inapoingilia.

Mume wangu alijaribu kuziba tundu la sebuleni kwa gunia, joto likarudi. Akalitoa, akachukua jembe, akaenda kupasua kichuguu kingine kilichokwisha kuhamwa. Ndani akakuta njia za mchwa zimepinda na kukunjana, hakuna hata moja iliyonyooka. Yeye alikuwa ameichimba mifereji yake kama reli. Likizo nzima alibomoa sakafu ya jikoni na ya sebuleni, akaikunja mifereji upya. Hewa ikaendelea kupita vizuri, na maneno yakawa yanafika yamegeuka mngurumo tu.

Mimi nilishukuru. Mama mkwe alinuna siku kadhaa. Mwishowe alimwita mwanawe, akamwambia amezoea kusikia wageni wanasema nini akiwa amekaa zake jikoni, na sasa hasikii chochote. Akamwomba, kama si taabu, amnyooshee mfereji mmoja.

Mume wangu alimjibu kwamba mchwa hawajengi hivyo. Mama akasema mchwa hawana wakwe.