Fundi wa Hewa Baridi

Mume wangu Niyongabo alikuwa fundi wa turbo, na ufundi huo ndio uliomfunga. Nasema kwa sauti, anayetaka kununa anune.

Yeye ni Mrundi wa Kayanza. Alikuja Kigali kufanya kazi katika gereji ya Viateur, hapa mtaa wa Gitega, karibu na nyumba tuliyopanga. Viateur alikuwa tajiri wa malori na rafiki wa wakubwa. Vita vilipoanza kaskazini, mwaka wa tisini, akachukua karatasi za ukaazi za mafundi wake wageni, ati azitunze zisije zikapotea. Loh! Bila karatasi hupiti kizuizi hata kimoja, na daraja la Nyabarongo, kwenye njia ya Burundi, lilikuwa na wanajeshi kutwa nzima. Kwa hiyo mume wangu alikuwa huru kutembea kutoka Gitega mpaka Nyamirambo, mtaa wa jirani, kisha arudi.

Mwaka wa tisini na mbili Viateur akanunua jipu la dizeli lenye turbo. Likawa linamwaibisha. Penye mteremko linakimbia, likiona mlima linahema na kutoa moshi mweusi. Na Kigali ukitoa milima, kinabaki nini? Mafundi wakabadilisha pampu, wakabadilisha chujio, wapi! Niyongabo akafungua boneti, akakuta boksi la katoni limefungwa kwa kamba mbele ya rejeta. Aliyelifunga ni Johnson, dereva. Ndivyo walivyofanya madereva wa malori waliokwenda Gikongoro alfajiri, injini isipate baridi.

"Bwana Johnson, unalinyonga gari," mume wangu akamwambia.

Jioni akanieleza na mimi. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu, na hewa ikisukumwa inapata moto. Hewa ya moto ni nyepesi, haiishibishi injini. Ndiyo maana mbele ya rejeta kuna kipoza hewa, ili upepo wa njiani uipoze kabla haijaingia. Ukikiziba, umeharibu kila kitu.

"Kwa hiyo Johnson analivisha gari sweta mdomoni?" nikauliza.

Akacheka. Siku zile bado alikuwa anacheka.

Akatoa boksi, akakata bati na kulikunja ili upepo wote uelekee kwenye kile kipoza hewa. Jipu likapanda mlima wa Kacyiru mpaka Viateur akapiga makofi. Nami nikafurahi, mjinga mimi! Nikadhani sasa atapewa karatasi zake akamwone mama yake, aliyekuwa anaumwa Kayanza. "Wiki ijayo," Viateur akasema. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo. Johnson naye, kila baridi ikimgusa, anarudisha boksi. Hakukubali kwamba injini inaweza kupenda baridi. Viateur akapata sababu: "Ukienda, nani atalichunga gari?" Fadhila ya punda, jamani!

Nikamwambia mume wangu, "Liache hilo boksi likae. Gari limshinde hukohuko mlimani, akufukuze."

Akanitazama kwa woga. "Daphrose, unataka waseme nimeharibu gari la mkubwa kwa makusudi? Waniite icyitso?"

Icyitso ni mtu wa adui, na siku zile watu walifungwa kwa jina hilo bila kuulizwa swali. Gari likipona, amefungwa. Likiugua, amefungwa. Nilikasirika mpaka maharage yakaungua jikoni.

Kisha mchuuzi mmoja akaleta habari kutoka Kayanza: mama amezidiwa, anamtaja mwanawe tu. Asubuhi hiyohiyo Viateur alikuwa anaondoka na jipu kwenda Bujumbura. Njia inapita Kayanza, mbele ya nyumba ya mama mkwe! Nikamfuata mume wangu mbio hadi gerejini, kitenge nimekikaza kiunoni. Nilimkuta amesimama kando ya boneti, mikono imejaa grisi, anamsihi Viateur.

"Patroni, naomba kiti kimoja. Mniache Kayanza, mkirudi mnichukue."

Viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Naapa, vitupu!

Viateur akanyoosha kidole kwenye jipu la pili, la rafiki yake, lililoletwa jana yake na ugonjwa uleule. "Na lile nani atalitengeneza? Mwenyewe analitaka kesho." Halafu akauliza kwa upole kabisa, "Nyumba ya mama yako iko karibu na barabara?"

"Iko kando kabisa, baada ya soko. Mlango wa buluu."

"Basi tutampigia honi."

Johnson aliporudi alikuja kwetu kabla hajafika kwake. Kwa hilo namheshimu. Alikataa kukaa.

"Nilipiga honi, kama patroni alivyosema," akasema. "Uwanja ulikuwa umejaa watu, wamekaa chini. Kulikuwa na msalaba mpya umeegemezwa ukutani. Pole sana, ndugu yangu. Waliposikia honi wakageuka wote. Mama mmoja akainuka, akalikimbilia gari. Nafikiri alidhani ni wewe."

"Mkasimama?" Niyongabo akauliza.

Johnson akatazama viatu vyake. "Patroni alisema tusipoteze muda. Gari lilikuwa linapanda vizuri."