Vidole Vinne vya Kizingiti

Kiharusi kilipomwachia mdomo na mkono wa kulia, kikamnyang'anya mguu wa kushoto, Seremala aliona amepunjwa kidogo tu. Mkono wa kulia ndio ulioshika randa miaka thelathini na minane. Mguu, alisema, ni wa kusimamia. Hayo aliyasema akiwa bado kitandani hospitali. Wiki ya pili nyumbani, alipoanza kujikokota kwa gongo kutoka chumbani hadi sebuleni, akasikia kitu nyuma yake: kwaruu... to. Kwaruu... to. Kiatu kinaburuzwa, kisha gongo linatua. Akasimama. Sauti nayo ikasimama. Akageuka, hapakuwa na mtu.

"Unatafuta nini, baba?" binti yake akauliza kutoka jikoni.

"Sitafuti kitu."

Alikuwa anaijua sauti ile. Aliisikia miaka sita ndani ya meli, kila asubuhi, na mwenye sauti hiyo amekufa zamani. Sasa ilikuwa inatoka kwenye mguu wake.

Seremala hakupita shule ya ufundi. Kusoma kwenyewe alijifunzia kwenye makasha ya mizigo bandarini: JUU, CHINI, SHIKA TARATIBU. Ubao alifundishwa na mzee mmoja mkali wa karakana, mtu ambaye hakumiliki tepu maisha yake yote. Kipimo kilikuwa mkono: dhiraa, shibiri, vidole. Mlango wa meli, mzee yule alifundisha, huanzia chini, kwenye kizingiti, na kizingiti ni shibiri kamili kutoka sakafuni, ili maji yakiingia ujiani yasiingie chumbani. Asiyeweza kuinua mguu shibiri moja, akae nchi kavu. Maneno hayo Seremala aliyabeba kama dua. Aliingia katika meli moja ya abiria na mizigo akiwa kijana, akaihudumia mpaka ilipouzwa kwa bei ya chuma chakavu, na milango yake yote ya mbao ilipita mikononi mwake. Kila mmoja ulichongwa ukakubaliana na mwimo wake kama mke na mume waliozoeana. Siku hizi mlango unatoka kiwandani umefungwa nailoni kama mkate, na anayeupachika hajui hata jina la mti.

Asingerudi tena majini kama si dada yake. Dada huyo mkubwa ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, kisha akaolewa ng'ambo. Sasa ana miaka themanini na saba, macho yamefunga, na kumbukumbu nayo imeanza kuaga. Alipiga simu akasema, "Njoo nikupapase uso, mdogo wangu, kabla sijausahau." Daktari alimkataza Seremala kupanda ndege, kwa ajili ya damu yake. Iliyobaki ni meli moja ya kitalii inayotia nanga katika mji wa dada mara moja kwa mwaka. Na hata hiyo, daktari aliweka sharti: apate kabini ya mtu asiyeweza kutembea. Bila hiyo, hasaini barua ya safari.

Basi siku ya Jumanne asubuhi binti, mwalimu wa hesabu aliyezoea kusukuma watoto wazito wa kichwa, alimsukuma baba yake kwenye kiti cha magurudumu hadi ofisi ya wakala wa safari. Karani alikuwa mwanamke mmoja wa makamo, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Akawaamkia vizuri, akageuza kioo cha kompyuta ili mzee aone ramani ya meli, orofa kumi na mbili zimepangwa kama makabati.

"Kwa mtu wa kiti tunashauri katikati, mzee. Hapayumbi sana. Na jirani na lifti, ila siyo mlangoni pake, kuna kelele."

"Juu ya hicho chumba kuna nini?"

"Juu... ngoja. Vyumba vingine."

"Afadhali. Usinilaze chini ya jiko wala chini ya ukumbi wa ngoma. Wapishi wa melini wanaburuza masufuria kabla jogoo hajakohoa."

"Kumbe mzee ni mwenyeji!"

"Mwenyeji wa meli zilipokuwa meli. Hii naona ni hoteli imesukumwa majini."

Karani akacheka, binti akacheka, na kwa kitambo kidogo mambo yakawa mepesi.

"Mlango una upana gani?" Seremala akauliza.

"Unatosha, babu."

"'Unatosha' si kipimo. Ni neno la fundi mvivu."

"Mpe namba, dada," binti akasema. "Bila namba tutalala hapa."

Karani akafungua ukurasa mwingine, akasoma kwa kidole. "Sentimita tisini. Kiti kinapita bila kugusa. Kando ya kitanda pana nafasi ya kukigeuza. Bafu halina kidaraja, maji yanakimbilia kwenye mteremko. Vishikio ukutani. Kengele ya hatari inalia na taa inawaka. Kizingiti hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Hakuna, babu. Mlango uko sawa na zulia."

"Na maji?"

"Maji gani?"

Nyuma ya kiti chake Seremala alisikia kiatu kikiburuzwa sakafuni, polepole, kikasimama karibu na bega lake. Hakugeuka. Alijua angekuta ukuta na kalenda.

Mwenye kiatu kile alikuwa karani wa stoo ya meli, mtu aliyeangukiwa na kasha, mguu ukaungwa vibaya, akabaki na gongo. Nahodha hakumwachisha kazi kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Mabaharia walimwita Nusu Saa, maana ukimwambia "njoo mara moja," hiyo ndiyo ilikuwa mara moja yake. Nusu Saa alimwomba Seremala mara tatu ampunguzie kizingiti cha chumba chake. Mara ya kwanza kwa utani. Mara ya pili kwa barua, kwa ule mwandiko. Mara ya tatu alikuja kwenye meza ya chakula, watu wote wapo, sahani mkononi.

"Vidole vinne tu, Seremala. Nakuomba. Si mguu wa kupanda unaonishinda, ni..."

"Bahari haimuulizi mtu ana miguu mingapi," Seremala akamkata. "Kama shibiri imekushinda, omba kazi nchi kavu."

Meza nzima ikaangua kicheko. Nusu Saa naye akacheka. "Haya bwana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Haukupita mwezi. Adhuhuri moja mafuta yalishika moto jikoni. Moto wenyewe ulizimwa upesi, lakini moshi ulishuka ujiani ukajaza orofa ya chini. Watu wote walitoka. Nusu Saa walimkuta kifudifudi mlangoni pake, mguu mzima uko ujiani, mwingine umebaki chumbani, kizingiti katikati. Nahodha aliandika kwamba kilichomuua ni moshi, na ni kweli, ulikuwa moshi. Hakuna aliyekitaja kizingiti. Seremala alitumwa kukagua mlango, akachuchumaa, akaona. Kwenye ukingo wa juu wa ubao, mahali pamoja, palikuwa na mikwaruzo, mamia kwa mamia, mmoja juu ya mwingine, asubuhi za miaka sita.

"Mzee?" karani wa safari alikuwa anamsemesha. "Imebaki moja tu ya namna hii. Na kuna watu kwenye orodha, kwa hiyo lazima tuithibitishe leo. Kuna swali moja. Kampuni inataka msafiri ajibu mwenyewe kwa mdomo wake, mtoto hawezi kumjibia. Je, unaweza kuvuka kizingiti bila kusaidiwa?"

"Naweza," Seremala akasema.

Karani akaangalia binti. Binti akaangalia dari.

"Baba. Jana mkeka ulikushinda. Mkeka!"

"Mkeka hauna nidhamu. Unakunjika."

"Babu, ukisema unaweza, nakupa ya kawaida. Zile zina kizingiti cha bafu, kama hivi." Karani akapanua mkono wake hewani, bila kujua, shibiri kamili. "Na hii naiachia anayefuata. Haitarudi tena."

"Mpe huyo anayefuata," Seremala akasema.

"Na daktari hatasaini," binti akasema, sauti imeshuka. "Shangazi utamwambia nini? Kwamba ulikuwa unaweza?"

Angemweleza vipi? Kuna mtu aliomba vidole vinne akanyimwa, akachekwa. Leo mtu yuleyule aliyemnyima anapewa shibiri nzima, kwa tabasamu, na vishikio vya ukutani juu yake. Kwa haki gani? Shingo yake ilihisi pumzi. Alitaka kuonyesha, kwa aliyesimama nyuma zaidi kuliko kwa waliokaa mbele, kwamba yeye alichowadai wengine anaweza kukilipa.

"Mlango wa stoo yenu pale," akasema akinyoosha gongo. "Una kizingiti cha saruji. Nimekipima kwa jicho tangu naingia. Nisogezeni."

"Baba, acha."

"Nisogeze, mwanangu. Nikishindwa nitaandika chochote mtakacho."

Binti alimjua. Akamsogeza, akavuta breki, akasimama karibu mikono wazi. Seremala akainuka, gongo mkono wa kulia, mkono mwingine kwenye mwimo. Akainua mguu wa kulia. Ukapita vizuri, ukatua ng'ambo ya pili. Akageuza uso amtazame karani, karibu atabasamu. Kisha akauita ule wa kushoto.

Haukuja.

Ulikuwa umebaki nyuma kama mbuzi aliyekataa kamba. Akauvuta kwa nyonga, ncha ya kiatu ikagonga saruji, ikakwaruza, ikateleza, ikagonga tena. Hakuwa na mguu wa kujiinulia, maana ule mzima ulikuwa umeshapita na kazi yake ilikuwa kusimama. Gongo likapinda pembeni. Binti akadaka shati tu.

Hakuumia sana. Alilala kifudifudi kati ya maboksi ya karatasi, mguu mmoja ndani na mmoja nje, saruji ikimkaa chini ya paja. Karani alikuwa anapiga kelele mtu alete maji. Seremala hakusikia. Alikuwa amelala kwenye umbo analolijua, na sentensi aliyoikata mezani miaka yote ile ilikuwa inamalizikia sikioni mwake, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza fundi: si mguu wa kupanda unaonishinda, Seremala, ni wa nyuma.

Alitengeneza vizingiti karibu miaka arobaini, na jambo hilo hakulijua.

"Siwezi," akasema sakafuni.

"Unasemaje, baba? Umeumia wapi?"

"Andikeni. Msafiri hawezi."

Walimwinua, wakamkalisha, wakampa maji. Akaweka saini kwa mkono ulioshika randa. Karani akachapa karatasi, akaipiga muhuri, akamtakia safari njema kwa upole wa mtu aliyeogopa. Kabini ilikuwa yake. Dada yake angempapasa uso.

Nje, chini ya kipaa cha ofisi, wakisubiri gari, alimweleza binti yake habari yote, ambayo hata marehemu mkewe hakuwahi kuambiwa. Aliisimulia akitazama barabara. Binti alisikiliza nyuma yake, mikono kwenye vipini vya kiti.

"Ulikuwa kijana," akasema mwishowe. "Ulifundishwa hivyo."

"Nilifundishwa."

"Na kile kizingiti? Ulipoona ile mikwaruzo ulifanya nini?"

"Siku ya pili yake karani mpya wa stoo alikuwa anahamia. Nikachukua randa."

"Ukatoa vile vidole vinne."

"Hapana, mama." Seremala akaushika mguu wake wa kushoto, akaupanga vizuri juu ya kikanyagio. "Nilitoa mikwaruzo. Unene wa ukucha. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara tatu. Nahodha alipita akasema, kazi safi."

Gari likafika. Dereva akashuka, akafungua mlango, akasimama kuwasubiri. Binti alikuwa bado ameshika vipini vya kiti. Hakusukuma.