Tupo, Hatujaliwa

Juzi nilishuka bondeni, ng'ambo ya ziwa la Umwe, kuchukua vyombo vya Bibi. Tulimzika Ijumaa. Dungu lake bado limesimama katikati ya mpunga, kibanda cha miti na nyasi kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu ili mafuriko na viboko vipite chini. Nilipanda ngazi, nikaketi kwenye mkeka wake, na harufu ya moshi iliyokolea kwenye fito ikanirudisha kwenye likizo zangu zote.

Asiyelijua dungu atauliza, likizo nzima unafanya nini kule porini? Rafiki yangu, siku hazikutosha! Umande haujakauka, tayari tunaamia ndege. Nilivuta kamba ya makopo mpaka viganja vikawaka, nikarusha madonge ya udongo kwa teo, nikapiga mayowe, na kweleakwelea wakainuka wote kwa pamoja kama shuka linalokung'utwa. Jua likiwa kali tulikwenda bwawani kutazama mgono, mtego wetu wa samaki. Ukiutikisa ukamsikia kambale anapiga mkia ndani, basi kitoweo kimepatikana. Na mpunga ulipokaribia kukomaa, Bibi alikaanga ule mbichi, tukautwanga kwa zamu ukawa pepeta, tukaila kwa nazi ya kukuna, bado ya moto.

Lakini niliyoisubiri zaidi ni magharibi. Dungu la jirani lilikuwa mbali, ukilitazama unadhani kichuguu. Kabla ya kuvuta ngazi yake juu, jirani, mzee mjane mwenye sauti nene, aliita:

"Mpooo?"

Kuitikia ilikuwa kazi yangu.

"Tupooo! Hatujaliwaaa!"

"Basi kiboko wa leo hana bahati!"

Dungu lisiloitikia lilifuatwa. Bonde zima lilijua hivyo.

Jioni moja nilinuna. Bibi alikuwa amenikataza kuogelea bwawani kwa sababu ya mamba, nami nikaapa sitafungua mdomo. Jirani akaita. Bibi alikuwa ameshaingia kwenye sala, hakuweza kuitikia. Jirani akaita tena, na tena, nami nimekaa kimya nang'oa nyuzi za mkeka. Bibi alipotoa salamu na kugeuka, mzee alikuwa ameshaingia majini, mkuki juu, maji kifuani, akikatiza bwawa lile lile la mamba.

Alifika chini ya ngazi anahema. "Mmeliwa?"

"Hapana, babu," nikamjibu kutoka juu.

"Bibie, siku nyingine ukinuna nitumie taarifa mapema, nisilowe bure."

Alicheka, lakini mkuki hakuuweka chini. Bibi hakunipiga. Alimpa uji wa moto, akangoja mpaka ameondoka, ndipo akanigeukia, akaniita kwa utani wake wa kila siku.

"Mke mwenzangu, ukiitwa, itika. Hata ukiwa umenuna, itika."

Miaka ikapita. Jirani akafariki. Madungu yakapungua moja moja, watu wakahamia kandokando ya barabara kule Kibiti, na bonde likaanza kunyamaza. Bibi peke yake alikataa kutoka. Kila msimu alinipigia simu mjini: "Likizo hii unakuja?" Nikamjibu nakuja. Misimu mitatu nilimjibu nakuja, na misimu yote mitatu sikwenda. Kazi, nilisema. Kazi gani hasa, leo siikumbuki.

Juzi, nikiwa bado nimeketi pale, mama mmoja alipita na mtumbwi wake, akashika nguzo ya dungu.

"Pole, mwanangu. Bibi yako alikuwa na vituko yule! Kila magharibi nikipita hapa namsikia anaita mpooo, sauti nzito kama ya mwanamume. Halafu anaibana, inakuwa ya kitoto, anajiitikia mwenyewe: tupooo, hatujaliwa! Nikimuuliza, Bi Mkubwa, unacheza na nani? Ananiambia, namshikia zamu mke mwenzangu, yuko njiani."

Akacheka kidogo, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akaendelea na safari yake.

Nilifunga vyombo: sufuria mbili, kibao cha mbuzi, teo langu ambalo sikujua kama bado lipo. Jua lilikuwa linakuchwa. Nikasimama ukingoni mwa dungu, nikatazama upande wa jirani, ambako hata kile kichuguu hakipo tena. Nikaitika kwa nguvu zangu zote, ingawa hakuna aliyeita.

Ndege wakainuka kwenye mpunga wa Bibi, wakazunguka kidogo, wakatua tena.