Majina Yote kwa Mkono Mmoja

Delbert Hruska, mwalimu mstaafu wa mwandiko katika mji wa Youngstown, aliyachukia maonyesho ya kumbukumbu za besiboli yaliyofanyika kila mwaka katika ukumbi wa wazima moto. Hata hivyo, hakukosa kuhudhuria. Aliketi na taa yake na kioo cha kukuzia, akiwazuia watu wasilipie uthibitisho wa sahihi za uongo. Meza ya jirani ilikuwa ya Gaylord Stumpf, muuza hati za uthibitisho zenye nembo ya kung'aa, ambaye hajapata kukutana na sahihi bandia maishani mwake.

Safari hiyo alikuja Eugene Petrak, mstaafu wa kiwanda cha chuma, akichechemea kwa polio ya utotoni. Alikusudia kumzawadia mjukuu wake mpira wenye sahihi za wachezaji siku ya kipaimara, lakini kwanza alitaka hakika. Alisimulia, kama alivyosimulia tangu ujana wake, kwamba Buck Tolliver, nyota wa timu ya besiboli, aliketi kitandani pake hospitalini alipolazwa utotoni, akatia sahihi yake kwenye mpira huo, na wachezaji wenzake wakafuata.

Delbert aliugeuza mpira taratibu. Majina yalijitahidi kutofautiana, ila herufi ya mwisho ya kila moja ilikuwa na mkia uleule uliopinda juu, na wino ulikolea palepale ambapo mkono ulipumzika. Aliijua desturi hiyo mbovu: wachezaji nyota hucheza karata, na mtunza chumba chao cha kubadilishia nguo ndiye anayesaini masanduku mazima ya mipira.

"Usilipe hata senti, Bwana Petrak," alisema. "Huu ni mkono mmoja."

"Mwalimu, mimi nilikuwapo."

"Ulimwona akiandika?"

Eugene akaeleza, bila kuinua macho, kwamba Tolliver hakuingia wodini. Alisimama mlangoni, leso puani, mpaka mpiga picha alipomaliza kazi yake. Mpira uliletwa na muuguzi, ukiwa umekwisha kuandikwa.

"Alitutazama sisi watoto wagonjwa kama uchafu," alisema. "Nami nimemsifu miaka yote hii."

Stumpf, aliyekuwa ametega sikio, akaegemea kwao. "Lete huku, babu. Nikishabandika nembo, mjukuu atajuaje?"

"Atajua kwa kuwa nitamwambia mimi. Nitampa habari kama ilivyokuwa," alijibu Eugene.

Kisha akautupa mpira katika pipa la mabaki ya soseji, akaondoka.

Kabla hajafika mlangoni, Stumpf alikuwa amezamisha mkono pipani hadi kiwiko. Aliufuta haradali kwa leso yake, akaubandika nembo, akaupanga mezani. Delbert alimtaka auharibu.

"Cha jalalani hakina mwenyewe, mwalimu. Kalale."

Delbert hakwenda kulala. Alizima taa yake, akasimama mbele ya meza ya Stumpf mpaka ukumbi ulipofungwa, na kila mnunuzi aliyeuinua mpira ule alimwambia kwa adabu kamili: "Unuse kwanza, bwana."