Kipande cha Ishirini

Dada yangu aliniletea vipande ishirini vya plastisini kwenye trei ya mayai, matundu kumi yakiwa matupu. Nikavihesabu mbele yake, na alipoenda jikoni kumsalimia mke wangu nikavihesabu tena. Ni tabia. Mtu aliyeuza vinyago vya viboko vya mawe kwa madalali wa Nairobi miaka kumi na saba hahesabu kitu mara moja. Vilikuwa ishirini mara zote mbili.

Dada hupiga wagonjwa skani katika kliniki ndogo upande wa Nyamira, wengi wao akina mama wajawazito. Siku nzima anashika kile kichwa cha mashine na kukikandamiza tumboni kwa mtu, macho kwenye skrini, mkono wa pili kwenye vibonye. Chenyewe hakina uzito wa maana, ni kama gunzi la mahindi. Lakini wewe shika gunzi kwa ncha za vidole kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, mkono umeunyoosha juu ya mtu, halafu uje uniambie habari za bega lako. Bega lake lilikuwa limekwisha. Kidole gumba kilikuwa kinakufa ganzi, na kwangu peke yangu alikuwa ameangusha vikombe viwili vya chai. Daktari alimpa miezi mitatu: mkono usipopata nafuu, aache skani. Alikuwa na miaka arobaini na sita na kazi moja tu aliyoijua.

Ndipo akanijia hapa Suneka, kwenye kibanda changu cha kuchongea mawe, kuuliza kama naweza kumtengenezea kishikio kinene cha kuvalisha kwenye kile kichwa, ili vidole visibane sana. Nikasema hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Sisi wa huku ukitupa tatizo, tunalichonga. Nilichukua jiwe la Tabaka, lile laini la rangi ya waridi, nikalitoboa katikati, nikalipiga msasa mpaka likawa kama ngozi. Dada akalipima mkononi, akanitazama.

“Ndugu yangu,” akasema, “hili ni la kuwekwa juu ya mtu akishazikwa. Mimi watu wangu bado wako hai.”

Nilikubali kushindwa, ila jiwe sikulitupa. Jiwe letu halitishiki na moto wala dawa, na ukilichonga kwa ndani linakuwa kalibu nzuri. Nikapanga kuchonga kalibu ya vipande viwili na kumimina silikoni, kitu chepesi kinachoweza kufutwa kwa dawa baada ya kila mgonjwa. Kilichobaki ni kujua mkono wake unashikaje, na hilo si jambo la kumwuliza mtu. Mwulize mtu anavyoshika kijiko, atakushikia kijiko kama yuko harusini. Nikampa plastisini ya watoto wa shule. Kwa kila mgonjwa wa siku moja azungushe ukanda mpya juu ya glavu iliyofunika kile kichwa, afanye kazi yake, kisha auvue na kuuweka kwenye trei.

Kumi na tisa kati ya hivyo vipande vilifanana kama ndugu. Kidole cha shahada hapa, cha kati pale, gumba limeweka bonde dogo pembeni. Cha ishirini kilikuwa kimeumizwa. Gumba lilikuwa limezama mpaka limetokea upande wa pili, na kingo zimepasuka. Nikadhani kimemponyoka, au amekiangusha na kukikanyaga. Katika biashara yetu, kimoja kisichofanana na kumi na tisa kinaitwa hasara, kinawekwa kando. Nikakiweka kando, kwenye dirisha la kibanda, nikachonga kalibu kwa vile vingine.

Huku nyuma nikaenda kliniki kupatana na mwenye kliniki kuhusu kitanda cha wagonjwa. Kilikuwa cha juu mno, ndicho kilichokuwa kinamning'iniza dada bega. Nikataka miguu ikatwe sentimita kumi. Akanipa tano, akisema wagonjwa watadhani wanalala chini. Nikamwambia wagonjwa wanaotoka Kebirigo na mimba ya miezi minane watamshukuru kwa kutopanda mlima wa pili. Tukaishia nane. Nilipima mara mbili, nikakata mara moja, nikaweka na mto wa kiwiko. Yote hayo niliyafanya haraka haraka. Kile chumba sikipendi. Kina saa ya ukutani yenye sauti, na mimi na hiyo saa tunajuana.

Kishikio kilifanya kazi. Wiki ya kwanza dada alisema maumivu yamepungua. Wiki ya tatu akamenya ndizi mbichi mzigo mzima jikoni kwetu bila kuinua uso, nami nikaanza kujisifu. Jumapili ya wiki ya tano akaja na mkono umefungwa bendeji. Akakaa kwenye kigoda cha kibanda, akatoa kishikio changu mfukoni na kukiweka katikati yetu, kama mtu anayerudisha bidhaa.

“Kifaa chako ni cha siku njema,” akasema.

Nikamwuliza kimeharibika wapi. Akasema hakijaharibika. Alhamisi alikivua mwenyewe katikati ya kazi na kushika kile kichwa kama zamani, kwa nguvu zake zote, na mkono ukarudi ulikotoka. Kwa nini akivue? Yeye alikuwa anatazama dirishani. Kile kipande cha ishirini kilikuwa pale bado, kimeshika vumbi, na jua la saa nane lilikuwa linapita katika tundu la gumba.

“Hicho mbona hukukitumia?”

Nikasema nilidhani ni ajali.

“Si ajali. Ni mama mmoja wa Sironga. Moyo wa mtoto ulikuwa haupigi.”

Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wanaokuja kujifunza. Anapoutafuta moyo wa mtoto na kuukosa, anasogeza kile kichwa kushoto, kulia, juu, chini. Mara nyingi anajua mapema. Lakini mama amelala pale hatazami skrini, maana yeye skrini haielewi. Anatazama mkono. Mkono ukiendelea kutafuta, mtoto bado yupo.

“Nikiushusha mkono, mama anajua. Kwa hiyo siushushi. Naukaza. Uso wangu hauko tayari bado, na maneno hayajaja.”

Nikamwuliza hukaa hivyo kwa muda gani. Akasema hajui, huwa hahesabu.

Mimi nilihesabu. Ni miaka tisa sasa. Mke wangu alikuwa amelala kwenye kitanda hichohicho, kikiwa bado na miguu yake yote, nami nimesimama kando ya mlango, na dada yangu anasogeza mkono. Nilidhani anachukua muda kwa sababu sisi ni wa nyumbani, anatuangalia vizuri zaidi. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga na sikuwa na kazi, nikahesabu milio. Nilipofika mia mbili na kumi nikaona labda nimeruka, nikaanza upya. Nilikuwa mia na arobaini ya mara ya pili aliposhusha mkono. Mtoto tulimzika nyuma ya migomba. Baadaye tulipata wengine wawili, wako shuleni, lakini mpaka leo saa ikigonga kwa sauti katika chumba kimya najikuta niko mia na arobaini na moja, mia na arobaini na mbili, natafuta pa kuishia.

Hayo sikumwambia siku ile. Nilimwambia tupatane. Akihesabu mpaka thelathini bila kupata, auondoe mkono, aupumzishe, aanze tena. Akakataa. Nikampa sitini. Akacheka kidogo, akasema mimi ni mtu wa kupatana hata na kifo. Muda si shida, akasema. Shida ni kwamba hawezi kupumzisha mkono bila kuuondoa, na akiuondoa amesema.

Hapo nikaona kosa langu ni lilelile la jiwe. Nilikuwa nafikiria jinsi ya kushika. Alichokuwa anahitaji ni jinsi ya kuachia.

Kishikio cha pili kilinichukua siku tisa. Nilichonga kalibu upya, safari hii nikitumia kipande cha ishirini peke yake, kwa hiyo ndani ya jiwe likasimama gumba, zima, la ukubwa wa gumba lake. Jioni nikifunga kibanda nilikuwa nalifunika kwa gunia. Sijui kwa nini, lilikuwa gumba tu. Juu nikaongeza ukanda mpana wa silikoni unaopita mgongoni mwa kiganja. Mkono ukiuingiza humo unaweza kufungua vidole vyote na kile kichwa hakianguki, kinabaki tumboni, na uzito wa mkono wenyewe unatosha kukituliza. Kwa anayetazama, mkono bado unatafuta.

Miezi mitatu ilipoisha, daktari alimpima dada akamwambia aendelee na kazi. Dada alikuja kunipa habari hiyo mchana wa Ijumaa, mapema, awahi nyumbani kabla Sabato haijaingia. Alikuwa na habari nyingine pia. Jumatatu ile alimpata mama mwingine kama yule wa Sironga. Alifungua vidole, akasema, vyote vitano, akavipumzisha. Mama alikuwa anatazama mkono na mkono haukuondoka. Akapata nafasi ya kupanga uso wake, akamwita nesi aje akae karibu, na aliposhusha mkono alikuwa na maneno ya kusema. Gumba halikumuuma.

Nilipaswa kufurahi, na nadhani nilifurahi. Alipoinuka kwenda nikamzuia.

“Siku yetu,” nikasema. “Ulijua lini?”

Hakuniuliza siku gani. Alichukua kile kipande cha ishirini dirishani, akaingiza gumba lake kwenye tundu. Likaenea.

“Mlipokuwa mnaingia wifi alisema mtoto ametulia sana tangu jana,” akasema. “Nikaweka mkono mara moja tu nikajua. Wewe ulikuwa hujaanza kuhesabu.”

Hakuna mtu niliyewahi kumwambia kwamba nilihesabu. Kumbe midomo yangu ilikuwa inacheza, naye aliiona.