Sare za Siku Moja

Kabati langu halifungi. Nimeliegemezea kiti mlangoni, na kila nikikiondoa linafunguka lenyewe na kutema madera. Ni sare tupu: maruni ya harusi ya binti wa jirani, pichi ya kicheni pati ya mwalimu mwenzangu, zambarau ya shughuli ambayo hata siikumbuki ilikuwa ya nani. Hapa Morogoro mjini, mwanamke mwenye kazi, ndugu na majirani hana pa kukwepea. Kamati inachagua rangi, picha inarushwa kwenye grupu la simu, na wewe unanunua. Ukithubutu kuivaa tena kwenye shughuli ya watu wengine, atatokea mtu wa kukuuliza kama umekosea ukumbi.

Kwa miaka mingi nilikuwa na dawa ya kabati hilo, na nilijivunia. Kila likizo nilijaza begi, nikapanda gari hadi Mkuyuni, halafu pikipiki ikanipandisha mlimani kwa mama. Mama anapata nguo mpya, mimi napata nafasi ya kutundika nyingine, nani kaumia? Mama alizipokea kwa mikono miwili, akazikunja, akaziweka sandukuni. Yeye aliendelea kushinda na khanga zake zilizopauka, moja kiunoni, moja begani. Khanga kwa mama haikutupwa. Ikichakaa ilikuwa ya kulaza mtoto, baadaye ngata ya kubebea mkungu wa ndizi, mwisho tambara la kushikia sufuria, mpaka ikaisha kabisa. Mimi khanga hizo zilinikera. Niliwahi kumwambia, "Mama, watu watasema hatukuvishi." Najuta kusema maneno yale.

Mwaka jana, shule zilipofungwa katikati ya mwaka, nilimpigia simu kwamba naja. Nilikuwa Mkuyuni natafuta pikipiki wakati mdogo wangu, ambaye anaishi na mama, aliponipigia. Mama ameungua. Alikuwa anainama kuchochea kuni, mkono mpana wa dera ukagusa moto. Khanga angeivuta na kuitupa pembeni. Dera lile liliyeyuka na kumgandia.

Nilimkuta zahanati. Muuguzi alikuwa anambandua kitambaa kwenye ngozi kwa kibano, kipande kwa kipande. Niliitambua rangi: bluu ya bahari, sare ya sherehe ya arobaini ya mtoto mchanga wa rafiki yangu, niliivaa mchana mmoja tu. Hata shikamoo niliisahau.

"Mama, dera jikoni la nini?" Niliuliza kwa ukali, maana nilikuwa naogopa.

Akanitazama kama vile mgonjwa ni mimi. "Si ulisema unakuja? Nililivaa ulione."

Tangu siku ile sijatulia. Nimekuwa mtu wa kupekua lebo na kupikicha nguo za watu kwa vidole, hata msibani. Niliapa kwamba nitavaa mitumba tu, ya pamba, na fundi wangu wa cherehani ataipunguza inikae. Nikaanza kushinda sokoni nimeinamia malundo. Humo nako nilikutana na vitambaa vilevile vya kuteleza, vingine vina karatasi ya dukani bado inaning'inia. Huko ughaibuni, nikawaza, yupo mwanamke mwenye kabati lisilofunga, na mama yake wa mlimani ni mimi. Nikaondoka mikono mitupu, na kesho yake nikarudi tena kupekua.

Halafu mdogo wangu akaposwa. Haikupita wiki picha ya sare ikaingia kwenye grupu: dera la kijani, la kung'aa. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena: naombeni tuvae vitenge vya pamba, kila mtu alicho nacho ndani. Mama mdogo, mwenyekiti wa kamati, akajibu: "Mwalimu, hii ni harusi, si kikao cha wazazi." Wakafuata wa kucheka.

Jioni bibi harusi mwenyewe akapiga. "Dada, za wenzangu zote umevaa. Umefika kwangu ndiyo unaona ubaya?"

Moyoni nilishaamua kwamba sivai, hata kama atanuna mwaka mzima. Na mama nilijua atakuwa upande wangu. Kwa mkono ule, angekuwa upande gani mwingine?

Nikapanda mlimani wiki moja kabla ya harusi kumweleza. Nilimkuta barazani anamenya magimbi, kovu limemtambaa kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko, limekunjamana na linang'aa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Yangu nimeshaagiza," akasema.

"Mama, na mkono huo?"

"Mkono utakuwa ukumbini, hautakuwa jikoni. Mwanangu anaolewa, unataka nikae pembeni kama mwalikwa?"

Nilishuka mlima nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia kamati, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu njiani tayari nilikuwa najua kwamba nitanunua. Na kweli nilinunua. Siku ya harusi tuliingia ukumbini wote kijani, mdogo wangu akaniona, akaacha pozi lake la bibi harusi akacheka kwa furaha. Mama alicheza. Kila aliponyanyua mikono, mkono wa dera ulimshuka hadi kiwikoni na kovu likaonekana, naye hakujisumbua kulifunika. Nilipiga makofi huku nalia, waliokuwa karibu wakadhani ni machozi ya furaha. Yalikuwamo na ya furaha.

Asubuhi yake nilipanda naye hadi nyumbani. Alikuwa amerudi kwenye khanga zake, dera la kijani amelikunja vizuri juu ya sanduku.

"Mama, hilo naomba nirudi nalo mjini," nikamwambia. "Sitaki libaki humu ndani."

Hakubisha. Alinipa kwa mikono miwili, vile alivyokuwa anapokea yangu. Nililisokomeza kwenye begi juu ya la kwangu, nikafunga zipu, nikapumua. Mama alikuwa ananitazama tu.

"Haya," akasema. "Na wewe utampa nani?"