Mkungu wa Zaituni

Nakumbuka siku ile, mwanangu, niliposimama kwa mara ya kwanza kusema mbele ya watu, uani kwa Mzee Selemani kule Matombo. Nilisema, nikamaliza, na hakuna hata mtu mmoja aliyejua kwamba nimemaliza.

Nakusimulia wewe unayerekodi podikasti chumbani kwako, na wewe unayejipiga video huku ukikatiza sokoni, kwa sababu kazi yenu na ile niliyopewa siku ile ni moja. Mmebadilisha chombo tu. Mimi shule niliiacha mapema, miguu ilikuwa inaniwasha. Nimekata miwa, nimeuza nyanya kando ya barabara pale Dumila, nimeshusha mizigo ya treni Kisaki, na kote huko nilikuwa nauliza watu maswali mpaka wengine wakadhani nimetumwa na serikali. Wanasema mtembezi hula miguu yake. Yangu nimeila, na nimeshiba.

Wakati huo nilikuwa kijana wa lori la ndizi. Tulipanda milimani, tukanunua mikungu kwa wakulima, tukaishusha sokoni mjini Morogoro. Mzee Selemani alikuwa mmoja wa waliotuuzia. Alipofariki, mvua ilikuwa imekata barabara, na lori letu limekwama huko huko mlimani. Binti yake wa pekee, Zaituni, alikuwa ameolewa Dumila na mwanamume ambaye baba yake hakumtaka, na tangu harusi ile hakuwahi kukanyaga nyumbani. Habari za msiba zilimfikia, akaja, kipande kwa gari, kipande kwa miguu kwenye tope. Alipofika, baba alikuwa ameshazikwa.

Zaituni hakulia. Wala hakula. Alikaa mkekani karibu na mlango wa jiko, kanga mabegani, akitazama mbele kama mtu anayesubiri kuitwa. Shangazi zake walimletea uji, ukapoa. Walimletea ndugu wa kumfariji, wakachoka. Neno alilowajibu lilikuwa hilo hilo: "Baba alishanifuta." Wanawake wakawa wananong'ona kwamba matanga yakianuliwa kabla mtu huyu hajalia, atarudi Dumila na msiba tumboni, na huko hakuna wa kumtoa.

Sasa, baba yangu mimi alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa, na Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Wewe wa juzi huenda unadhani utani ni kurushiana maneno mtandaoni. Mtani msibani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Humcheka marehemu, huiga alivyotembea, huchukua kitu cha wafiwa mchana kweupe na hakuna wa kumkasirikia. Kazi yake ni kuwakamata mkono wafiwa na kuwarudisha kwa walio hai. Basi siku ya kuanua matanga, watu walipokwisha kula, mzee mmoja wa ukoo akaniita. "Kulwa, mtani wetu, simama bwana. Tumechoka kulia."

Lakini mimi nilikulia kambi ya vibarua wa miwa, mchanganyiko wa makabila yote, na utani wa msibani nilikuwa nausikia kwa mbali. Nikajiona mtu wa heshima. Nitaanzaje kumcheka maiti? Nikanyoosha shati, nikatoa sauti ya mtangazaji wa redio. "Ndugu waombolezaji. Marehemu alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu na nguzo ya jamii yetu. Pengo lake halitazibika."

Watu wakaendelea kuchokoa meno. Mmoja akamuuliza jirani yake kama lori litashuka leo. Zaituni hata jicho hakuligeuza. Nikasimama pale kidogo, halafu nikajiondoa taratibu kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye masufuria.

Huko alikuwepo Bi Nyamizi, Mnyamwezi mwenzangu, mama wa makamo aliyezunguka vijijini akiuza chumvi na dagaa. Kama mtani alikuwa amekuja kupika, na sasa alikuwa anakwangua ukoko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemzika nani pale mbele?"

"Mzee Selemani."

"Mzee Selemani namjua. Huyo uliyemsema wewe simjui." Akaendelea kukwangua. "Sifa zako zile ni sanda, mwanangu. Sanda inamtosha kila maiti. Sema kitu ambacho ukimvika mwingine hakimtoshi."

Nikainama kumshikia sufuria.

"Na ulikuwa unasema na nani?"

"Na watu wote, mama."

"Watu Wote kakaa wapi? Nionyeshe." Akanyoosha mwiko kuelekea mlango wa jiko. "Aliye na njaa ya neno leo ni yule pale. Hao wengine wameshiba pilau. Na wewe si ndiye ulikuwa unanunua ndizi za marehemu? Miaka yote hiyo mlikuwa mnauziana kwa ishara?"

Hapo ndipo nilipokumbuka mkungu. Mwanangu, nilikuwa nao kichwani muda wote huo, na nilikuwa nimeuacha nikaenda kuazima maneno ya redio! Ndivyo tulivyo. Cha kwetu tunakiona kidogo, cha jirani tunakiita chakula.

Nikarudi uani. Safari hii sikusema "ndugu waombolezaji". Nilianza na mashtaka.

"Mimi nimekuja kushtaki. Huyu mzee wenu alikuwa mchoyo!"

Vijiti vya meno vikasimama.

"Mnyamwezi kaanza!" mmoja akapiga kelele. "Mbeba mizigo wewe, unakula pilau letu halafu unatutukana!"

"Pilau gani? Uani kwenu mteremko mtupu. Nimekula nimekumbatia sahani, nikiiachia naifuata mtoni!"

Wakacheka. Zaituni hakucheka, lakini alikuwa amegeuza shingo. Nikaanza kusema na yeye, ingawa macho yangu yalikuwa kwa wazee.

"Kila tukija kupakia, mzee anatuuzia mikungu yote, anaacha mmoja. Kisukari, mnono, kaufunika majani makavu kama mtoto mchanga. Namwambia, 'Mzee, na huu?' Anasema, 'Huo una mwenyewe.' Napandisha bei. 'Una mwenyewe.' Napandisha tena, mpaka dereva ananiuliza kama nimerogwa. 'Kijana, nimeshakwambia, una mwenyewe.' Safari inayofuata nachungulia jikoni, mkungu umetundikwa kwenye boriti juu ya moto, umeiva, ndizi zimeanza kudondoka moja moja. Hakuna aliyekuja kuuchukua. Na shambani kashaufunika mwingine! Nikamwambia, 'Mzee, huu utaoza bure.' Akanijibu, 'Ukioza, utaoza ukiwa wake.'"

Hata watoto waliokuwa wakigombea maji waliacha.

"Nikamuuliza, 'Mwenyewe nani, mzee?' Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mlima aliozaliwa chini yake. Akasema, 'Zaituni. Anapenda kisukari kilichoivia moshini.'"

Hapo nikasahau hata utani, nikamgeukia Zaituni mwenyewe. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ni mtani.

"Basi mlinzi kaondoka! Leo nauchukua, na mtu asiniguse!"

Nikaingia jikoni. Sikuwa na hakika kama nitaukuta. Nikainua macho, na ulikuwepo, kwenye boriti ile ile, wa mwisho alioutundika kwa mikono yake, umeiva mpaka maganda yameingia weusi wa moshi. Nikautwika begani, nikatoka nao nikipiga mluzi kama mwizi asiye na aibu. Nikapita mbele ya Zaituni.

"Weka chini."

Sauti ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

"Nani anasema?" nikauliza.

"Weka chini, Mnyamwezi wewe. Huo wangu."

Nikauweka miguuni pake. Akaugusa kwanza, akapitisha kiganja kwenye vichana vyote kama anayepapasa kichwa cha mtoto. Akachuma ndizi moja, akaimenya, akala. Akachuma ya pili, na hiyo hakuimaliza. Alilia mdomo umejaa, kama anavyolia mtoto, na shangazi zake wakamdaka huku na huku, wao wenyewe wakilia na kucheka kwa wakati mmoja.

Mimi nikaona sasa ndiyo nafasi yangu ya kufunga kwa methali nzito. Nikavuta pumzi. Bi Nyamizi, aliyekuwa ameshafika ubavuni pangu, akanikanyaga mguu.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Imeshafika."

Tangu siku hiyo nimesimulia kwenye mabehewa, kwenye magenge ya nyanya, kwenye foleni za hospitali, na najisifu bila haya: hakuna aliyechokoa meno. Kiburi hiki si cha kwangu peke yangu, ni cha Bi Nyamizi na ukoko wake.

Mwaka jana mjukuu wangu Tatu alinivalisha hedifoni nisikilize kipindi chake cha kwanza. Ulianza muziki. Zikafuata salamu. Akanikumbusha kusabskraibu, akajieleza yeye ni nani, kisha akatangaza kwamba mada ya leo ni umuhimu wa utamaduni wetu. Nikavua hedifoni.

"Mjukuu wangu, nimeshachokoa meno."

"Babu, algoridhimu ndiyo inataka hivyo."

"Huyo naye ni mtani wa nani?"

Akacheka, lakini alikasirika kidogo, nikafurahi, maana asiyekasirika hajali. Nikamsimulia habari za mkungu. Hakuniomba nizirudie kwenye simu yake. Alipanda Matombo mwenyewe, akamtafuta Zaituni, ambaye sasa ni bibi mwenye migomba yake kwenye shamba la baba yake. Akamwomba ruhusa kabla ya kutoa simu mfukoni. Akashinda naye akimsaidia kumenya mihogo, na alipoanza kurekodi hakumkatiza. Niliposikiliza kipindi kile sikusikia muziki wala salamu. Sauti ya kwanza ilikuwa ya kikongwe, kavu: "Nilimwambia, weka chini, Mnyamwezi wewe." Safari hii hedifoni sikuivua.

Zaituni anaisimulia tofauti na mimi, ujue. Anasema nilikuwa natetemeka na mkungu nusura uniangushe. Mwongo mkubwa yule, mtani wangu. Au pengine ni kweli. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mkeka ule aliukalia yeye, si mimi.

Juzi nilipanda bodaboda kutoka stendi. Kijana alikuwa na waya mmoja sikioni. Tulipofika akazima pikipiki, nikampa nauli, hakuipokea. Akaniinulia kidole. "Mzee, samahani, ngoja kwanza. Nataka nisikie kama yule binti atakula."

Nikasubiri, nauli mkononi. Nikaona uso wake ukibadilika, akajifuta jicho kwa mgongo wa kiganja akisingizia vumbi. Sikumwambia kwamba yule Mnyamwezi alikuwa amekaa nyuma yake njia nzima. Mama yangu, nilitamani! Lakini ilikuwa imeshafika.

Basi, mwanangu, nikuachie kwa maneno ya wazi, maana hadithi bila nasaha kwetu sisi wazee ni kama kuamka bila kusalimia. Usiseme na watu wote. Kabla hujawasha chombo chako, mtafute ambaye hajala, umjue alipokaa, kisha useme na yeye. Wengine watageuza shingo wenyewe kuona unamtazama nani. Sifa za jumla waachie wauza sanda. Ukisema mtu alikuwa mwema, hatujamwona, lakini ukisema alifunika mkungu kwa majani, tumeshaingia shambani kwake. Anzia pale moto unapowaka, salamu watu watakupa baadaye. Na hicho cha kusema usikiazime mbali, kipo kwenye mambo uliyoyaona ukayadharau. Kama huna, toka nje, tembea, uliza. Kuuliza si ujinga. Mimi kuuliza ndiko kulikonisomesha.

Usitie chumvi ya uongo. Siku ile nilitania sana, lakini mkungu ulikuwepo juu ya boriti, na kama usingekuwepo ningemuua yule binti mara ya pili. Tena kumbuka: mtani ana ruhusa ya mila, wewe mwenye simu huna. Machozi ya mtu si mali yako mpaka mwenyewe akupe. Omba, na ukinyimwa, shukuru ushuke mlima.

Halafu ujue kunyamaza. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hizi madebe mengi yana kipaza sauti. Hadithi ikishafika, iache ilie yenyewe. Kama huna Bi Nyamizi wa kukukanyaga mguu, jikanyage.

Nawaona mnavyohangaika, vijana wetu, na mengine mnayofanya siyaelewi, lakini najivuna nanyi. Tulidhani simulizi zitakufa nasi, kumbe mmezitia mfukoni na mnatembea nazo. Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo, na miguu isiyochoka njia za mlimani. Akupe mzee wa kukukemea ungali kijana, na moyo wa kumsikia. Na kila utakachokitundika moshini, mwanangu, kisidondoke bure: mwenyewe na aje, akikute, aseme ni chake.